Kuendesha programu za Linux zenye madirisha ndani ya Windows

Ziko programu ambazo hazijawahi kupata toleo zuri la Windows na huenda zisilipate kamwe. Kuna xmgrace ya kuchora grafu, xfig ya michoro ya kitaalamu, Magic ya kusanifu saketi za silikoni, na Seismic Unix ya Colorado School of Mines ambayo wanajiolojia huitumia kusoma mawimbi ya mtetemo. Zote zilizaliwa kwenye Unix, na zote huchora madirisha yake kwa mfumo wa X. Anayezihitaji halazimiki kufuta Windows wala kugawa diski. Windows ya leo inaweza kuzifungua zikakaa pembeni ya Word na kivinjari, zikanakili na kubandika maandishi baina yao kama kawaida.

Usakinishaji wenyewe ni amri mbili tatu. Kazi huwa siku dirisha linapokataa kufunguka, na siku hiyo anayejua dirisha linachorwa na nani humaliza kwa dakika tano, wakati anayenakili amri kutoka huku na kule huongeza tatizo juu ya tatizo. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Nani anachora dirisha

Mfumo wa X ulianzishwa MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11, ambalo ndilo X11 tunayoitumia hadi leo, lilitoka mwaka 1987. Katika mfumo huu programu haigusi skrini yenyewe. Hutuma maombi kwa programu nyingine: nifungulie dirisha la ukubwa huu, chora mstari hapa, andika herufi pale. Programu hiyo nyingine, yenye mamlaka juu ya skrini, kibodi na kipanya, ndiyo seva ya X. Inayotuma maombi ni mteja.

Hapa ndipo wengi hugeuza mambo. Tumezoea seva kuwa mashine kubwa iliyo mbali. Kwenye X, seva iko pale ilipo skrini. Ukikaa nyumbani na kuendesha programu iliyo kwenye mashine ya chuo, seva ya X ni laptopu yako, na ile mashine kubwa ya chuo ndiko aliko mteja.

Mteja humjua seva kupitia kigeu kiitwacho DISPLAY, ambacho ni anwani ya skrini. Ikiwa `:0`, maana yake skrini namba 0 ya mashine hii hii, na mawasiliano hupita kwenye soketi `/tmp/.X11-unix/X0`. Ikiwa `localhost:10.0`, mawasiliano hupita kwenye mtandao kwa poti 6010, kwa kuwa poti ya X ni 6000 ukijumlisha namba ya skrini. Ujumbe wa `cannot open display` una maana moja tu: mteja ameshindwa kuifikia skrini, mara nyingi kwa sababu ameifuata anwani aliyopewa na hakumkuta mtu.

Windows haina seva ya X ndani yake. Ina WSL (Windows Subsystem for Linux), sehemu inayoendesha Linux ndani ya Windows, na Microsoft ilitatua suala la skrini kwa nyongeza yake iitwayo WSLg, iliyokuja na Windows 11 mwaka 2021 na baadaye ikafika Windows 10. Pembeni ya Linux yako, WSL huendesha Linux nyingine ndogo iliyofichwa. Ndani yake mna Weston ya kupanga madirisha, XWayland na PulseAudio ya sauti. XWayland ndiyo seva ya X. Picha za madirisha huvukishwa hadi Windows kwa RDP, itifaki ile ile ya Remote Desktop. Ukiona `msrdc.exe` kwenye Task Manager usiiue, maana madirisha yako yote ya Linux yataondoka nayo.

Kagua mashine kwanza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`. Unahitaji Windows 11, au Windows 10 yenye namba ya ujenzi 19044 kwenda juu. Toleo la Home linatosha. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, lakini WSL bado inafanya kazi juu yake.

Kisha fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, chagua CPU, na utafute neno Virtualization. Linatakiwa kusoma Enabled. Huu ni uwezo wa prosesa kuendesha mashine ndani ya mashine, na WSL 2, toleo la pili na la kawaida la WSL, haiwezi kuwaka bila huo. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa madukani kwetu hufika zikiwa zimezimwa kipengele hiki. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Del kutegemea mtengenezaji, uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Kwa Intel tafuta Intel Virtualization Technology au VT-x. Kwa AMD tafuta SVM Mode. Washa, hifadhi, toka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, pata kwanza ufunguo wake wa kurejesha, kwa sababu wakati mwingine Windows huuomba baada ya mabadiliko ya BIOS. Na kama unanunua mashine ya mtumba kwa kazi hii, ingia BIOS mbele ya muuzaji. BIOS yenye nenosiri asilolijua mtu ni hasara isiyo na dawa rahisi.

RAM ya GB 8 inatosha vizuri. Kwa GB 4 utafungua programu nyepesi tu, na kivinjari ukifunge. Kwenye diski acha angalau GB 15 wazi.

Kusakinisha

Linux tutakayoitumia ni Ubuntu. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi, andika:

```
wsl --install -d Ubuntu-24.04
```

Hupakua mamia ya megabaiti, kwa hiyo panga bando lako mapema. Washa mashine upya inapoomba. Ubuntu itafunguka na kukuuliza jina la mtumiaji, ambalo liwe la herufi ndogo bila nafasi, halafu nenosiri. Nenosiri halionekani unapoliandika, hata nyota hazitokei, lakini linaingia. Lishike, maana ndilo `sudo`, amri ya kutenda kama msimamizi, itakalokuomba kila mara.

Rudi PowerShell:

```
wsl --update
wsl --version
wsl -l -v
```

Amri ya pili inatakiwa kuonyesha mstari wa WSLg wenye namba ya toleo. Ya tatu huorodhesha Linux ulizonazo, na safu ya VERSION inatakiwa kuwa 2. Ikiwa 1, igeuze kwa `wsl --set-version Ubuntu-24.04 2`.

Sasa ndani ya Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install --no-install-recommends x11-apps
xeyes
```

Macho mawili yanayofuata kipanya yakitokea kwenye skrini, njia yote ni nzima. Usiruke hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye programu kubwa. xeyes haihitaji kadi ya picha, haihitaji fonti za ziada, haihitaji huduma yoyote ya nyuma. Ikifunguka yenyewe na programu yako kubwa ikakataa, kosa liko kwenye programu. Ikikataa xeyes, kosa liko kwenye skrini. Kutenganisha haya mawili mapema huokoa saa nzima.

Kile kipande cha `--no-install-recommends` huzuia apt, kisakinishi cha Ubuntu, kuleta vifurushi vinavyopendekezwa lakini visivyo vya lazima. Kwa programu za madirisha tofauti inaweza kuwa kubwa, na kwa anayelipia data hiyo ni pesa. Ubaya wake ni kwamba mara chache programu hufunguka ikiwa na pengo, kama vile aikoni kukosekana. Ikitokea, sakinisha tena bila kipande hicho.

Weka programu uliyoijia, kwa mfano:

```
sudo apt install grace
xmgrace &
```

Alama ya `&` huirudishia terminali (dirisha la amri la Linux) uhuru wake wakati programu inaendelea. Bila hiyo terminali husubiri hadi ufunge dirisha.

Programu zinazokuja na faili la `.desktop` hujitokeza zenyewe kwenye menyu ya Start, chini ya folda yenye jina la Linux yako. Zisizo nalo, kama xeyes, hazitaonekana. Hizo zitengenezee njia ya mkato kwenye Windows yenye amri hii:

```
"C:\Program Files\WSL\wslg.exe" -d Ubuntu-24.04 --cd "~" -- xmgrace
```

Jambo moja kuhusu Firefox: kwenye Ubuntu tangu 22.04, `apt install firefox` haileti Firefox bali kifurushi kinachoiita snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha, na snap inahitaji systemd, yaani msimamizi wa huduma za Linux. Ubuntu mpya za WSL zina systemd tayari. Ya zamani haina, nayo unaiwasha kwa kuandika mistari hii kwenye `/etc/wsl.conf`, kisha `wsl --shutdown`:

```
[boot]
systemd=true
```

Hata hivyo kivinjari cha Windows kipo palepale. Cha pili ndani ya Linux ni mzigo tu kwa RAM isipokuwa una sababu maalumu.

Dirisha likikataa kufunguka

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza `echo $DISPLAY`. Jibu sahihi chini ya WSLg ni `:0`. Ukiona namba za IP, kama `172.28.16.1:0`, umeshapata mkosaji. Kabla ya WSLg watu walisakinisha seva ya X upande wa Windows na kuweka kwenye `.bashrc`, faili linalosomwa terminali inapofunguka, mstari wa kuitafuta IP ya Windows. Maelekezo hayo bado yamejaa mtandaoni, na mstari huo ukiwekwa kwenye mfumo mpya humpeleka mteja kwenye anwani isiyo na mtu. Utafute:

```
grep -n DISPLAY ~/.bashrc ~/.profile /etc/profile.d/*
```

Ufute, funga terminali, fungua nyingine. Hili ndilo kosa la kwanza la kushuku kwa mtu ambaye ameshajaribu maelekezo mawili matatu kabla.

Jibu likiwa tupu, ama Linux yako ni ya WSL 1, ama WSL ni ya zamani, ama faili la `.wslconfig` lina mstari `guiApplications=false`.

Anwani ikiwa sawa na bado hapafunguki, angalia soketi:

```
ls -l /tmp/.X11-unix/
```

Panatakiwa kuwe na `X0`. Isipokuwepo, kuna huduma iliyosafisha `/tmp` wakati wa kuwaka na kuondoa kiungo ambacho WSLg ilikiweka. Soketi yenyewe haijapotea, ipo `/mnt/wslg/.X11-unix`. Rudisha kiungo:

```
sudo rm -rf /tmp/.X11-unix
sudo ln -s /mnt/wslg/.X11-unix /tmp/.X11-unix
```

Kisha jaribu xeyes. Kama bado, hifadhi kazi zako, nenda PowerShell uandike `wsl --shutdown`, subiri sekunde kumi hivi, ufungue Ubuntu upya. Kuifunga terminali peke yake hakutoshi, kwa sababu mashine ya ndani hubaki hai. Baada ya mashine kulala na kuamka, au baada ya kubadilisha skrini ya nje, hatua hii mara nyingi ndiyo dawa. Ikishindikana kabisa, kumbukumbu za makosa ziko `/mnt/wslg/weston.log` na `/mnt/wslg/stderr.log`.

Makosa mengine yanafanana na ya skrini lakini si ya skrini. `error while loading shared libraries: libXm.so.4` ni maktaba iliyokosekana, hapo ni Motif, maktaba ya zamani ya kujengea madirisha, na `sudo apt install libxm4` inaitibu. Kwa maktaba usiyoijua kifurushi chake, sakinisha `apt-file`, endesha `sudo apt-file update`, kisha `apt-file search` na jina la faili. Programu zilizojengwa kwa Qt, maktaba nyingine ya madirisha, husema `could not load the Qt platform plugin "xcb"`, nazo zinakudanganya kidogo, maana xcb yenyewe, kiungo cha Qt na X, mara nyingi ipo. Kuanzia Qt 6.5 kinachokosekana kwa kawaida ni kifurushi kidogo:

```
sudo apt install libxcb-cursor0
```

Ukipata namba `0x80370102` wakati Linux inawaka, hujafika hata kwenye madirisha: mara nyingi ni kile kipengele cha BIOS hakijawashwa.

Herufi ndogo na picha nzito

Programu za zamani hazijui skrini zenye nukta nyingi. xmgrace kwenye laptopu ya kisasa hutoa menyu za kusomwa kwa lenzi. Dawa hutegemea programu imejengwa kwa maktaba gani ya madirisha: GTK, Qt, Motif au Xaw. Za GTK hukubali `GDK_SCALE=2`, namba nzima tu, au `GDK_DPI_SCALE=1.25` kwa herufi peke yake. Za Qt hukubali `QT_SCALE_FACTOR=1.5`. Unaviweka mbele ya amri:

```
QT_SCALE_FACTOR=1.5 octave --gui
```

Za Motif na Xaw hazisikii chochote katika hivyo, na kwa hizo njia pekee yenye nafuu ni kuchagua fonti kubwa zaidi kwenye `~/.Xresources`, kisha `xrdb -merge ~/.Xresources`. Aikoni zitabaki ndogo. Hilo halina dawa ndani ya programu yenyewe.

Kama maandishi yanaonekana vibaya kwa kukosa fonti, azima za Windows. Tengeneza `/etc/fonts/local.conf` lenye:

```
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "fonts.dtd">
<fontconfig>
  <dir>/mnt/c/Windows/Fonts</dir>
</fontconfig>
```

Endesha `fc-cache -f` uifungue programu upya.

Kwa picha za pande tatu, sakinisha `mesa-utils`, endesha `glxinfo -B`, usome mstari wa renderer. Ukiona D3D12 ikifuatiwa na jina la kadi yako, kazi inafanywa na kadi ya picha. Ukiona `llvmpipe`, prosesa ndiyo inayochora kila kitu na mzunguko wa modeli utakwamakwama. Draiva inayohusika ni ile ya Windows. Isasishe huko, na usisakinishe draiva ya NVIDIA ya Linux ndani ya WSL, kwa sababu itavuruga maktaba ambazo WSL imeziweka `/usr/lib/wsl/lib`. Laptopu yenye kadi mbili ikichagua ile dhaifu, iambie:

```
export MESA_D3D12_DEFAULT_ADAPTER_NAME=NVIDIA
```

Na programu ikichora vibaya, ikiacha vipande vyeusi au kuanguka, `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1` huirudisha kwa prosesa. Ni polepole, ila ni salama, na inakuambia kama kosa ni la draiva.

RAM na mafaili

WSL hujiruhusu kuchukua hadi nusu ya RAM ya mashine. Kwenye Task Manager utaiona kama VmmemWSL. Iwekee mpaka kwa faili la `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji upande wa Windows, yaani `C:\Users\jinalako`:

```
[wsl2]
memory=3GB
processors=2
```

Hakikisha Notepad haijaliita `.wslconfig.txt`, kwa sababu hapo litapuuzwa bila neno lolote. Mabadiliko hushika baada ya `wsl --shutdown`, na amri hiyo hiyo ndiyo ya kuachia RAM yote ukimaliza kazi.

Data weka ndani ya `~` ya Linux, usiweke `/mnt/c`. Kufikia diski ya Windows kutoka Linux ni polepole mno, na programu inayosoma maelfu ya mafaili madogo itaonekana imeganda. Upande wa pili, Windows huyaona mafaili ya Linux kwa `\\wsl.localhost\Ubuntu-24.04\home`, au andika tu `explorer.exe .` ukiwa kwenye folda husika.

Mashine isiyoweza WSL 2

BIOS imefungwa, au prosesa ni ya zamani mno: tumia WSL 1, ambayo haihitaji mashine ndani ya mashine. WSL 1 haina WSLg, hivyo seva ya X utaileta mwenyewe upande wa Windows. VcXsrv ni ya bure na inatosha.

```
wsl --install --enable-wsl1 --no-distribution
```

Washa upya, kisha:

```
wsl --set-default-version 1
wsl --install -d Ubuntu-24.04
```

Fungua XLaunch inayokuja na VcXsrv, chagua Multiple windows, namba ya skrini 0, kisha Start no client. Ndani ya Linux andika `export DISPLAY=localhost:0`. Hapa anwani hii ni sahihi, kwa kuwa WSL 1 hutumia mtandao ule ule wa Windows.

Maelekezo mengi yatakuambia uweke tiki kwenye Disable access control. Elewa unachokifanya. Tiki hiyo humruhusu yeyote anayeweza kufikia poti 6000 ya mashine yako kufungua madirisha kwenye skrini yako na kusoma unachobonyeza kwenye kibodi, manenosiri yakiwemo. Kwenye Wi-Fi ya mgahawa au ya hosteli hiyo ni hatari ya kweli. Kwa WSL 1 mawasiliano hayatoki nje ya mashine, hivyo ngome (firewall) ya Windows inapouliza kuhusu VcXsrv, kataa mitandao yote. `Localhost` itaendelea kufanya kazi.

Programu iliyo kwenye seva ya mbali

Ukishakuwa na skrini ya X inayofanya kazi hapo kwako, programu ya mashine ya mbali inaweza kufunguka juu yake kupitia SSH, njia ya siri ya kuingia mashine nyingine kwa amri:

```
ssh -X jina@seva
xclock
```

Usiweke DISPLAY kwa mkono ukishaingia. SSH huiweka yenyewe, kwa kawaida `localhost:10.0`, na hupitisha mawasiliano yote ndani ya njia iliyofungwa kwa siri. Ukiibadilisha umeikata njia hiyo.

DISPLAY ikiwa tupu baada ya kuingia, kuna mambo mawili ya kuangaliwa upande wa seva: mstari `X11Forwarding yes` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, na kifurushi `xauth`. Kukosekana kwa xauth ndiko huwashangaza wengi, kwa sababu seva zilizosakinishwa bila mazingira ya picha hazina. Mwombe msimamizi akiweke, ni kidogo sana. Endesha `ssh -v -X` uone mistari inayotaja X11. Sababu huandikwa humo.

Ukipata `X11 connection rejected because of wrong authentication`, mara nyingi umeingia kwa jina lako kisha ukawa root, yaani msimamizi mkuu, kwa `sudo su`. Ufunguo wa kuingilia skrini uko kwenye `~/.Xauthority` yako, root hana. Sababu ya pili ni nafasi yako ya diski kwenye seva imejaa, xauth ikashindwa kuandika faili hilo. `quota` au `df -h ~` itakuambia.

Kuna kosa moja linalosumbua kwa kuwa hutokea katikati ya kazi: programu zilizofunguka zinaendelea, lakini mpya zinakataliwa. `-X` kwa asili hutoa ruhusa ya dakika 20 na yenye vizuizi. `-Y` humwamini mteja kikamilifu na haina ukomo huo. Ubuntu na Debian huzifanya zote mbili ziwe kama `-Y`, kwa hiyo ndani ya WSL ya Ubuntu huenda usilione kamwe. Tumia `-Y` kwa seva unayoiamini tu, kwa sababu msimamizi wake anaweza kusoma skrini yako.

Sasa kasi. Ndani ya chuo au ofisi, X kupitia SSH ni nzuri. Kutoka nyumbani kwa mtandao wa simu ni mateso, na kuongeza bando hakusaidii. X huuliza na kusubiri jibu mara nyingi sana kabla ya kufungua dirisha moja, na kila swali hulipa muda wote wa safari ya kwenda na kurudi. Safari ikiwa milisekunde 200, maswali mia moja yaliyofuatana ni sekunde ishirini. `ssh -C` hubana data, haipunguzi safari.

Kwa hali hiyo acha X ghafi utumie xpra, iliyosakinishwa pande zote mbili:

```
xpra start ssh://jina@seva/100 --start=xmgrace
```

xpra huweka seva ya X karibu na programu, kule kule mbali, na kukuletea picha zilizobanwa. Maswali yote huishia huko. Faida ya pili ni kubwa zaidi kwa anayetegemea umeme na mtandao wa kukatika: muunganisho ukianguka programu haifi, na unarudi pale pale ulipoachia:

```
xpra attach ssh://jina@seva/100
```

Kwa X ya kawaida, mtandao ukikatika mteja hupoteza seva yake na kufa na kazi yote ambayo haijahifadhiwa.

Maabara nzima kwa upakuaji mmoja

Kama unaandaa mashine kumi na tano za darasa, usipakue Ubuntu mara kumi na tano. Tengeneza moja hadi xeyes na programu zote zifunguke, endesha `sudo apt clean`, futa `~/.ssh` na `~/.bash_history` ili funguo zako zisisambae, kisha:

```
wsl --export Ubuntu-24.04 D:\maabara.tar
```

Kwenye kila mashine nyingine weka WSL yenyewe kwa faili la `.msi` ambalo Microsoft hulitoa kwenye ukurasa wa WSL wa GitHub, na uwashe kipengele chake bila intaneti:

```
dism.exe /online /enable-feature /featurename:VirtualMachinePlatform /all /norestart
```

Washa upya, chomeka flashi, halafu:

```
wsl --import Maabara C:\WSL\Maabara D:\maabara.tar --version 2
```

Flashi iwe ya exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haikubali faili linalofika GB 4. Linux iliyoingizwa hivi huweza kufunguka kama root badala ya mtumiaji uliyemtengeneza. Rekebisha kwa mistari miwili kwenye `/etc/wsl.conf`, ukiweka jina ulilolichagua, kisha `wsl --terminate Maabara`:

```
[user]
default=mwanafunzi
```

Ni rahisi zaidi kuiandika mistari hiyo kwenye mashine ya kwanza, kabla ya kuhamisha.